Nesi na Video Zisizokwisha

Mtaani kwetu Ukunda alikuwa Nesi, na alipostaafu akabaki Nesi. Muuza maziwa alimwita hivyo, imamu alimwita hivyo, na mke wangu, aliyejifungulia watoto wetu wote mikononi mwake, hajapata kumwita kwa jina jingine. Nami nitamwita hivyo hivyo. Nilimjua miaka mingi kama jirani wa ukuta kwa ukuta. Kisha nikamjua kama mtu wa kuhariri naye video, na huko ndiko alikonichosha kuliko bosi yeyote niliyewahi kumfanyia kazi.

Mimi huhariri video za hoteli moja kule Diani. Ni kazi ya kukata na kuunganisha: wageni wakipanda ngamia, maharusi wa Kizungu wakitembea ufuoni, sahani ya kamba ikifuka moshi. Nesi alilijua hilo. Jumapili moja asubuhi alikuja kibarazani kwangu na simu mkononi, akakataa kiti.

"Mwanangu, wewe unatumia programu gani kukatia hizo video zako?"

"Ile ya wataalamu, Nesi. Ya kompyuta."

"Na hii ya simu ina kasoro gani?"

Laiti ningejibu kwa neno moja nikarudi kwenye chai yangu. Badala yake nilimweleza yote. Ile ya simu, nikamwambia, ni ya mtu yeyote: unavuta kipande, unakata, unaandika maneno, umemaliza. Ile ya wataalamu inakuruhusu kurekebisha rangi, kusafisha sauti, kupanga picha tabaka juu ya tabaka, lakini inataka kompyuta yenye nguvu na mtu aliyekaa nayo miezi akaizoea. Nikamuuliza anataka kutengeneza nini.

"Dalili za hatari," akasema. "Mwenye mimba akivimba miguu na uso, kichwa kikimuuma, macho yakiona nyota, aondoke nyumbani. Nimelisema hilo wodini maisha yangu yote, lakini nilikuwa nawaambia waliokwisha kufika. Nataka kuwaambia ambao hawajatoka."

"Basi tumia ya simu. Wataitazama kwenye simu zao, kwa bando la kuungaunga. Hiyo inatosha."

"Kwa hiyo mama wa kule ndani, nyuma ya Lunga Lunga, apewe cha kutosha, na Mzungu wako apewe cha wataalamu."

Nikaweka kikombe changu chini. Mpaka leo sina jibu la kuniridhisha. Hapo ndipo tulipoanza.

Ili mtu aelewe kwa nini alinikera, lazima ajue alivyokuwa kazini. Mke wangu husimulia kuwa siku aliyolazwa hospitali ya Msambweni, alikokuwa akifanya kazi Nesi, mama wa kitanda cha pili alihitaji kupasuliwa, na jamaa zake walikuwa wamesimama ukumbini wakishauriana. Nesi alitoka akawauliza, "Mnangoja nani?" Wakamwambia wanamngoja mzee, yuko njiani anakuja kutoka Kinango. "Mzee ndiye anayezaa?" akauliza. Hakupandisha sauti. Karatasi ikatiwa sahihi pale pale, na mama na mtoto wakaenda nyumbani wazima.

Mara nyingine, na hili nililiona kwa macho yangu, mwanamke alishikwa na uchungu ndani ya tuktuk karibu na soko. Nesi alikuwa anachagua nyanya. Aliweka kikapu chini, akaingia ndani ya tuktuk, akaomba leso walizojifunga wanawake waliokuwa karibu, na mtoto akalia kabla dereva hajaamua akae au akimbie. Nesi alinawa kwa maji ya muuza madafu, akaokota kikapu chake, akamrudia muuza nyanya na kumuuliza kwa nini amepandisha bei tangu jana.

Mtu huyo ndiye aliyekaa mwezi mzima akishindwa kuchagua kama maandishi ya chini ya video yawe meupe au ya manjano.

Video yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Alijirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, akiwa ameketi kwenye benchi, na mapajani ana mwanasesere mkubwa aliyemshona kwa leso kuukuu na kumtia tumbo la mimba la pamba. Alizungumza Kiswahili, kisha akarudia kwa Kidigo na Kiduruma. Alikuwa mzuri mbele ya kamera, kwa sababu hakuijali. Alimwangalia mtazamaji kama alivyowaangalia wale jamaa ukumbini. Ile ya kwanza aliikata mwenyewe kwa programu ya simu, kwa siku chache tu, na aliponionyesha nilimwambia ukweli: iko tayari, itume.

"Ina ukungu," akasema.

"Ukungu gani?"

"Hapa usoni. Na hapa kwenye tumbo la mwanasesere. Huoni? Hii programu ya simu inaharibu picha."

Nilitazama. Sikuona ukungu wowote. Nilidhani ni aibu ya mtu anayejiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza, maana wengi hutafuta kasoro ambayo haipo. Nikamwambia hivyo, naye akachukua simu yake akaenda zake.

Akatumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua kompyuta. Nilimsindikiza dukani pale Ukunda. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, mchangamfu; aliposikia programu tunayoitaka akamwangalia Nesi na buibui lake, akaniangalia mimi.

"Mathe, hii mashine itahema tu. Hiyo software ya mapro ni noma, inakula memori yote. Kaa na ya simu, iko fiti."

"Sitaki fiti," Nesi akamwambia. "Nataka iwe sawasawa."

Akaibeba. Nilikuwa na kazi yangu ya kutosha hotelini, lakini nitamkataliaje mtu aliyewapokea wanangu duniani? Ikawa nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, sauti yake inapita juu ya ukuta: "Mwanangu, imeganda tena."

Iliganda kila siku. Muuzaji alisema kweli. Nesi alikuwa akinawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa kompyuta, kama anayeingia chumba cha kujifungulia, na ilipokuwa inafungua faili polepole aliinamia kioo na kuinong'oneza, "Sukuma, mama, sukuma kidogo." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilitamani aipige kofi.

Alikuwa na misimamo mikali juu ya mambo madogo. Programu ya simu ilikuwa ikimletea mioyo na nyota za kubandika kwenye picha, naye aliziona kama matusi. Muziki hakutaka kabisa. "Mtu anayesikiliza mambo ya damu hana haja na gitaa," alisema. Alichukia kila kitu cha kujionyesha, na bado aling'ang'ania programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kujionyesha. Aliwakemea majirani waliokawia kwenda kliniki, aliwahi kumburura hadi kliniki mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa ameketi na kidonda wiki nzima, na yeye mwenyewe alikuwa na video iliyokamilika ndani ya simu, akaikalia.

Siku moja nilimuuliza waziwazi. Tulikuwa tumemaliza kwa mara ya tano au ya sita kipande cha miguu kuvimba, nami nikamwona anabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, hatua kwa hatua, akiibomoa kazi yote mpaka mwanzo.

"Nesi, kwa nini?"

"Kwa sababu inaruhusu," akajibu. Aliondoa mkono kwenye kompyuta akauweka mapajani. "Kule wodini hakukuwa na kitufe hiki. Ulichokifanya umekifanya. Ukikosea, unakwenda nyumbani nacho. Wapo ninaowakumbuka hadi nguo walizovaa. Sasa nimepewa kitu kinachosema, rudi, fanya tena vizuri. Unataka nikiache?"

Nilikwenda nyumbani siku hiyo hasira ikiwa imenipungua. Lakini hasira ilirudi, kwa sababu kuelewa hakukunipa usingizi wala hakukuifanya ile video itoke.

Mwendo wetu ukawa huo. Wiki kadhaa kwenye programu ya wataalamu, mpaka kompyuta ikwame na faili ipotee. Anarudi kwenye simu, anakata upya kila kitu, maana kazi iliyofanywa kwenye moja haifunguki kwenye nyingine. Anamaliza. Anatazama. "Ina ukungu." Anarudi kwenye kompyuta. Mimi nami nikaanza kuuamini huo ukungu. Niliongeza makali ya picha, nikaongeza mwanga, nikaongeza tena makali, hadi mikunjo ya uso wake ikatokea kama mistari ya kalamu. Akasema ni afadhali kidogo, ila bado.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Nyinyi wawili mnafanana." Hakuwa ananisifu.

Sasa niseme habari za Mbeyu, maana bila yeye haya yote yangekuwa vichekesho vya majirani. Mbeyu ni mhudumu wa afya wa kijiji, kule ndani nyuma ya Lunga Lunga, kwenye nchi ya ng'ombe na mbuzi ambako mvua haitabiriki na hospitali iko mbali. Alikuwa amepata mafunzo kwa Nesi zamani. Yeye ndiye aliyemwomba video tangu mwanzo. Alitaka kitu cha kuwaonyesha wakwe na wazee wa boma, kwa sababu, alisema, "mimi wananiona mtoto wa juzi, wewe watakusikiliza."

Kila alipokuja Ukunda kwa shughuli zake alipita. "Shikamoo Nesi. Imekuwa tayari?" Nesi alimjibu, "Marahaba mwanangu. Karibu tayari, inshallah." Mbeyu alikunywa chai, akachukua mfuko wake, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Siku moja alikuja asiulize. Aliketi kwenye mkeka, nami nilikuwepo, nikipambana na ile kompyuta. Alisema kuna mke mmoja wa kijijini kwao, mimba ya kwanza, alivimba uso, akaumwa kichwa, akasema haoni vizuri. Mama mkwe akasema ni jini. Wakamtafutia mganga. Mbeyu alikwenda mara mbili kuwaomba wamtoe, wakamwambia asubiri. Alipoanza kutupa miguu na mikono ndipo wakamtafutia pikipiki. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nesi aliuliza mimba ilikuwa na umri gani, na kifafa kilimpata mara ngapi. Mbeyu akamjibu. Kisha Mbeyu akasema, taratibu, bila lawama yoyote kwenye sauti yake, "Ile video ingenisaidia kumweleza yule mama mkwe."

Nilidhani itatoka siku hiyo hiyo. Wallahi nilidhani hivyo. Nilipomsindikiza Mbeyu hadi njiani na kurudi, nilimkuta Nesi amekaa mbele ya kompyuta, mikono bado inachuruzika maji, amefungua ukurasa mpya mtupu.

"Tunaanza upya," akasema. "Sehemu ya macho haikuwa wazi. Lazima iwe wazi."

"Nesi, yule mama mkwe hakukosa picha iliyo wazi. Alikosa kuelezwa."

"Ndiyo maana lazima ieleweke."

"Ile ya kwanza inaeleweka. Ile ya simu. Mtumie Mbeyu leo."

"Ina ukungu."

"Haina ukungu," nikasema. "Haijawahi kuwa na ukungu. Mimi hii ndiyo kazi yangu na ninakwambia haina."

Sikuwa nimepata kumpandishia sauti mtu mzima maishani mwangu, na hapo sauti ilinipanda. Aligeuka akaniangalia, au niseme aliangalia upande niliosimama. "Nenda ukapumzike, mwanangu," akasema. Nikaenda. Wiki zilizofuata nilipitia mlango wa nyuma nikitoka kazini, ili nisiisikie sauti yake juu ya ukuta.

Kilichotokea baadaye nilikisikia kwanza kwa mke wangu, kisha kwake mwenyewe. Madaktari wa macho walikuja kupima watu bure, na Nesi akajitolea kumsindikiza bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa akiogopa kwenda peke yake. Bibi akapimwa, akaonekana hana tatizo kubwa. Kiti kilipobaki wazi, mpimaji akamwambia Nesi, nawe mama, keti tukuangalie. Akaketi kwa kumfurahisha tu. Akaulizwa asome herufi za ukutani. Alisoma mstari wa juu. Uliofuata akasema umefutika.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ulikuwa umekomaa.

Alikuja kuniambia mwenyewe. Alisimama kibarazani pale pale aliposimama ile Jumapili, na safari hii alikubali kiti. "Ukungu ni wangu," akasema. Akaeleza habari yenyewe kwa ufupi, kama anayekabidhi zamu. Mtu aliyekaa maisha yake yote akisoma dalili kwenye miili ya wengine, alibadilisha balbu za nyumba nzima, akasugua kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio, akalaumu programu moja na kuhamia nyingine, na halikumpitia kichwani kuwa tatizo liko kwenye macho yanayotazama.

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye. Wakati ule nilikuwa nawaza zile jioni zote nilizoongeza makali kwenye picha iliyokuwa safi, na nilimfikiria yule mama asiye na mtoto.

"Watakupasua lini?" nikamuuliza.

"Watarudi mwezi ujao. Lakini nimewaambia wanipe muda. Nimalize kwanza kipande cha macho."

Nilinyanyuka nikaingia ndani bila kumuaga. Mke wangu akatoka, akaketi naye muda mrefu. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba mwezi uliofuata ni mke wangu aliyemshika mkono kumpeleka, na aliyemtilia dawa ya matone mpaka alipopona.

Muda si mrefu hoteli ikanihamishia tawi lake la upande wa Msambweni, na nikawa nakaa huko siku za kazi. Nilimwona Nesi kwa mbali tu, akipita na kikapu, akitembea kwa kasi kuliko zamani. Tulipungiana mikono. Miezi ikapita hivyo, hadi Jumamosi moja alasiri nilipomsikia ukutani.

"Mwanangu. Njoo mara moja."

Nilivaa viatu polepole. Nilimkuta sebuleni, kompyuta imewashwa, na kwenye kioo amefungua video zote zilizobaki, za simu na za kompyuta, moja kando ya nyingine. Hakuwa na miwani. Alinipa mkono, nikamwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha mojawapo ya zile nilizozitia makali.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Nesi."

"Umenikwaruza uso mzima. Nimekuwa kama niliyeungua."

"Ulitaka ukungu utoke."

"Nilitaka," akakubali.

Akaifunga. Akafungua nyingine, akaifunga. Akafungua ile ya kwanza kabisa, ya simu, akaitazama bila kuisimamisha tangu mwanzo hadi mwisho, Kiswahili, Kidigo na Kiduruma. Sauti ilikuwa na kelele kidogo ya jogoo wa jirani. Maandishi yalikuwa meupe. Mwanasesere alionekana vizuri, tumbo na miguu na uso wa kuchora.

"Hii ilikuwa safi," akasema.

"Ndiyo."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile, Nesi."

Nilingoja aseme lolote, hata kosa la rangi, hata jogoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira kwa sababu nimemzoea. Aliuliza tu, "Yule mke wa kule kwa Mbeyu, ameshika mimba tena?"

"Sijui."

"Ameshika," akasema. "Mbeyu ameniambia leo."

Nikanyoosha mkono ili nimsaidie kuitafuta ile video kwenye simu. Akausogeza mkono wangu kando. Aliitafuta mwenyewe, akalitafuta jina la Mbeyu, akatuma. Ilichukua muda kupanda, mtandao wa alasiri ulikuwa mzito, naye hakuinong'oneza chochote. Alikaa akiitazama mpaka ikafika.

Hazikupita dakika nyingi simu ikalia. Aliiweka kwa sauti ya nje. Nyuma ya Mbeyu zilisikika kengele za mbuzi na watu wakizungumza.

"Shikamoo Nesi. Imefika. Tumeitazama mara mbili hapa."

"Marahaba. Nani yuko hapo?"

"Niko na yule mjamzito mwenyewe, na mama mkwe wake. Huyu mama mkwe anauliza, hapo unaposema kichwa kuuma, ni kuuma kwa namna gani? Maana anasema kila mtu huumwa kichwa, na video haikueleza."

Nilifumba macho. Niliona programu ya wataalamu ikifunguka tena, ukurasa mtupu, maji yakichuruzika viwikoni, mwaka mwingine mzima.

"Anasema kweli, haikueleza," Nesi akasema. "Mpe simu."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke mzee, yenye wasiwasi, ikamwamkia kwa Kiduruma. Nesi aliitikia na kumuuliza habari za nyumbani, mifugo na mvua. Akauliza msichana ana miezi mingapi sasa. Akauliza miguu inafanana asubuhi na jioni, au jioni viatu vinakataa kuingia. Akavuta kiti karibu na dirisha ambako mtandao ulikuwa mzuri, akaketi akinipa mgongo, na bila kugeuka akaniashiria kwa mkono nizime kompyuta, feni yake ilikuwa inamziba masikio.